Nani Ametia Pombe Kwenye Pikapu Yangu?

Jumatatu, 1 Aprili 2019

Pikapu imezima sokoni. Saa sita mchana, katikati ya barabara, mbele ya muuza samaki wa kuchoma. Haikukohoa, haikuaga. Imezima tu. Nikafungua boneti na kutazama ndani kwa uso wa mtu anayejua anachokitazama. Baada ya dakika ishirini ikawaka yenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Na nani alipita wakati huo? Sawaeng! Mkuu wa stesheni mstaafu, juu ya baiskeli. Akasimama. Akauliza, "Kaka Kamthon, kuna shida?" Kwa upole. Upole! Nikamjibu hakuna shida, naipumzisha. Akasema kwa joto hili hata yeye hupumzika kila baada ya nyumba tatu, akaenda zake.

Nimeandika saa: sita na dakika nane. Alijuaje nitakuwa pale?

Kwa yeyote atakayesoma daftari hili nikifa kifo cha kutatanisha: kila Songkran, mwaka mpya wetu, sanamu ya Buddha ya hekalu letu huzungushwa mjini Takhli juu ya pikapu ya kale, watu wakiimwagia maji ya manukato. Miaka tisa mfululizo pikapu hiyo ni yangu. Ya mwaka 1977, rangi ya mbingu. Kabla yangu ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Mama mkwe, Mama Phian, ana miaka themanini na minne na bado huketi kiti cha mbele, maua mapajani. Anasema siku hiyo humhisi mumewe ameshika usukani. Usukani huwa nimeushika mimi, lakini sijawahi kumsahihisha.

Sawaeng ana pikapu ya mwaka 1974, rangi ya maziwa. Anaitamani nafasi yangu. Hajawahi kusema hivyo hata siku moja. Ndiyo maana ninajua.

Kamati ya hekalu inathibitisha gari tarehe kumi. Lazima niwe macho.

Jumatano, 3 Aprili

Harufu ya petroli ndani ya gari. Mama Phian amesema nikimpeleka kliniki tena kwa gari hili atafika amelewa. Nimechungulia chini. Mpira wa kupitishia mafuta unatoa jasho. Tone, tone, tone.

Nimekwenda kwa Ratri, fundi. Mwanamke wa miaka thelathini na tano, mikono myeusi, ulimi mkali. Ameubonyeza mpira kwa vidole viwili, ukabonyea kama tambi iliyochemshwa. Amefungua chujio, likatoa uchafu wa rangi ya kahawa. Akauliza natia mafuta gani.

Nikasema petroli.

Akauliza petroli ipi.

Nikasema ya majimaji.

Akafuta mikono kwa kitambaa. Halafu akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza kuku. Kwamba petroli ya siku hizi inachanganywa na ethanoli, yaani pombe inayotokana na miwa na mihogo. Gari jipya linainywa bila neno. Gari la zamani linaumwa: pombe inalainisha mipira ya kale, inavuta maji, tena inakwangua kutu yote iliyolala ndani ya tangi miaka arobaini na kuisukuma kwenye kabureta. Lita moja kati ya kila tano, mjomba, akasema, huko unakojaza siku hizi. Dawa yake: kubadili mipira yote, kusafisha tangi, na kurudi kwenye petroli isiyochanganywa. Na katika mji huu inauzwa kituo kimoja tu, kwa Bi Urai.

Urai! Dada yake Sawaeng, tumbo moja!

Sasa naona nyuzi zote. Februari nilikwenda kwa Urai na debe langu la kupimia nikayapima mafuta yake mbele ya wateja. Nilipima ardhi ya serikali miaka thelathini, hakuna wa kunidanganya kwa kipimo. Zikatoka lita kumi kamili, na tone la ziada. La ziada! Nani anazidisha bure? Nikamuuliza mbele ya watu anaficha nini. Akanyanyua mpira wa pampu, akauliza nataka kujazwa tangi au sikio. Tangu siku hiyo najaza kituo kipya cha barabara kuu, ambako hawanijui na hawajapata muda wa kunichukia.

Kwa hiyo: gari linahujumiwa, fundi ananielekeza kwa Urai, Urai ni dada wa Sawaeng. Nimemwambia Ratri abadili chujio tu. Akasema, "Mjomba, huu mpira utakuchoma." Vitisho pia!

Ijumaa, 5 Aprili

Mtego. Nimenyunyiza poda ya mtoto kuzunguka pikapu yote, upana wa hatua moja. Nikajificha nyuma ya mashuka ya Lamduan yaliyoanikwa uani. Kuanzia saa mbili asubuhi.

Saa tatu: kuku. Saa tatu na nusu: kuku yuleyule, anarudi. Saa nne: mke wangu Lamduan, anachukua shuka. Shuka nililojificha nyuma yake. Akaniuliza kama nimestaafu kazi au nimestaafu akili. Nikamnong'oneza ainame. Hakuinama.

Saa nne na robo: Sawaeng! Ameleta ndizi, eti za Mama Phian. Akafika kwenye poda, akatazama chini, AKAIRUKA. Akapita upande wa pili bila kuacha alama. Nilipotoka na kumuuliza kwa nini ameiruka, akasema alidhani Lamduan anaua siafu, hakutaka kumharibia kazi.

Jibu zuri mno. Mtu asiye na hatia hana majibu mazuri hivyo.

Mama Phian amekula ndizi nne. Nimekataa yangu. Nimemtazama kwa saa nzima baadaye kuona kama atadhurika. Amelala usingizi mzuri. Dawa ya usingizi?

Jumamosi, 6 Aprili

USHAHIDI!

Shuleni tulifundishwa: mafuta na maji havichanganyiki. Hilo hata Sawaeng hawezi kulihonga. Nimechukua chupa ya kioo ndefu, nikatia maji kimo cha kidole kimoja. Juu yake nikatia petroli ya tangi langu, vidole vitano. Nikapiga mstari kwa kalamu. Nikafunga, nikatikisa, nikaweka mezani, nikakaa mbele yake mikono kifuani.

Petroli ikapanda juu, maji yakashuka chini. Vizuri. Lakini maji hayakuwa kidole kimoja tena. Yalikuwa viwili! Maji yamezaa!

Nikanyonya kidogo cha chini kwa mrija, nikanusa. Mbali na harufu ya petroli, kulikuwa na harufu ninayoijua. Pombe. Bila shaka yoyote, pombe.

Na nani hunywa pombe ya mchele kila jioni kwenye kibaraza chake, glasi moja, miguu juu ya stuli? Mkuu wa stesheni mstaafu!

Nimekwenda mbio kumwambia Lamduan. Nimepiga hesabu: kufikia kiwango hiki alihitaji kumwaga humo si chini ya chupa kumi na mbili. Lamduan aliendelea kumenya vitunguu saumu. Akasema, "Sawaeng? Chupa kumi na mbili? Yule hakumpa hata kaka yake glasi moja alipolazwa hospitali." Kisha akasema Ratri si ameshaniambia kwamba pombe imo kwenye petroli yenyewe?

Nikamwambia huo ndio uzuri wa njama. Wamenitayarishia maelezo kabla sijapata ushahidi.

Lamduan akaacha kumenya. Akasema mama yake anazungumzia Songkran tangu Januari, na ameshaniwekea shati la kuvaa. Akasema, "Mzee, tafadhali. Badili tu mpira." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Nilikaribia kukubali.

Halafu nikawaza: na yeye ameongea na nani?

Jumatano, 10 Aprili

Kamati ya hekalu. Saa tatu asubuhi, ukumbini. Watu kumi na mmoja, Mtawa Mkuu katikati, Sawaeng kushoto, Urai kulia, maana ndiye mweka hazina. Mama Phian alikuja kwa miguu yake, kashika mkono wa Lamduan. Mimi na chupa yangu ndani ya kitambaa.

Walipofika kwenye suala la gari nikasimama. Nimekuwa nikiiandaa hotuba hiyo siku tatu. Nikasema kuna mtu katika ukumbi huu ambaye wivu umempeleka hadi kwenye tangi la mwenzake. Nikakifunua kitambaa. Nikanyanyua chupa. Nikaeleza kidole kimoja, vidole viwili. Nikasema: hii hapa ni pombe, na sote tunajua nani katika mji huu anakunywa pombe miguu ikiwa juu ya stuli!

Vichwa vyote vikageukia chupa yangu. Vizuri sana. Nililifurahia hilo kwa muda wa pumzi mbili.

Mtawa Mkuu akauliza kwa sauti ndogo kama ninayo risiti ya kituo ninakojaza. Ninayo, bila shaka, nazitunza zote. Nikampa. Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani. Akasema, "Bwana Kamthon, hapa imeandikwa ethanoli asilimia ishirini."

Nikasema, "Ndiyo, Baba, lakini..."

Urai hakungoja. "Pombe hiyo umeinunua mwenyewe, kaka! Kwa lita! Miezi miwili unainywesha pikapu, halafu unamtafuta mlevi!"

Ukumbi ukalipuka. Katibu aliangusha kalamu. Mtawa mmoja kijana alilazimika kutoka nje. Hata Mama Phian alificha mdomo kwa leso. Mtu mmoja tu hakucheka: Sawaeng. Alitazama miguu yake. Nimeumia zaidi kwa hilo kuliko kwa wote waliocheka. Mtu anayejizuia kucheka ana sababu.

Kisha Sawaeng mwenyewe akasimama. Akasema Mama Phian amepanda pikapu ile tangu mumewe akiwa hai, na si vizuri mwaka huu apande nyingine. Akapendekeza gari langu libaki, ila Ratri abadilishe mipira yote kwanza. Pikapu yake itafuata nyuma, kama tahadhari. Kamati yote ikakubali. Mtawa Mkuu akaniuliza kama naahidi mipira itabadilishwa.

Nikaahidi.

Nyuma, kama tahadhari! Yaani anajua kitu kitatokea.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeahidi mipira itabadilishwa. Sikuahidi nani ataibadilisha.

Wazo hili lilinijia wakati wa kunyoa ndevu. Kasoro ya mpira mweusi ni nini? Huoni kilicho ndani. Mtu anaweza kupitisha chochote humo: maji, pombe, supu. Sasa, duka la samaki wa mapambo nyuma ya soko linauza mipira mizuri ya plastiki, myeupe, inayoonyesha hadi ndani. Ya tangi la samaki. Nimenunua mita mbili. Muuzaji akauliza nina samaki wa aina gani. Nikamwambia papa.

Nimeifunga mwenyewe, peke yangu, milango imefungwa. Inapendeza! Petroli inaonekana ikipita kama damu kwenye mshipa. Sasa mtu atie chochote, nitakiona kikipita. Kukosa usingizi basi.

Lamduan akauliza kama Ratri amemaliza kazi. Nikasema kazi imekwisha. Ni kweli, imekwisha.

Mama Phian ameosha maua yake ya jasmini na kuyafunika kwa kitambaa chenye maji. Amelitoa shati langu kabatini. Amelipiga pasi mwenyewe, ingawa mikono yake inatetemeka siku hizi, na kola imekunjika upande mmoja. Nitalivaa hivyohivyo.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa jikoni, miguu ndani ya beseni.

Tulianza saa tatu. Sanamu nyuma, imefungwa kwa vitambaa vya dhahabu, watawa wawili wakiishikilia. Mama Phian mbele, maua mapajani. Watu pande zote mbili na ndoo na bakuli, ngoma, maji kila mahali. Mwendo wa kobe. Jua kali. Injini ikachemka. Sawaeng nyuma yetu na pikapu yake ya rangi ya maziwa, naye ameshuka, anatembea kando ya mlango wetu, amemwachia mpwa wake usukani. Nikamwambia hana haja ya kunisindikiza. Akasema anamsindikiza Mama Phian.

Tulipopita benki, Mama Phian akafunga macho. Akasema kimya kimya, "Polepole hapo kwenye shimo, baba." Hakuwa anasema na mimi. Nikapita polepole.

Sawaeng akanusa. Nilimwona akinusa. Akagonga mlango. "Zima! Kaka, zima gari! Zima sasa hivi!"

Nikawaza: ndiyo hii sasa. Mbele ya mji mzima, anataka nizime. Sikuzima.

Namaanisha, sikuzima mara moja. Naandika ukweli kwa kuwa hili daftari ni langu. Nilihesabu labda hadi tano. Halafu moshi ukatoka pembeni mwa boneti, na si moshi mweupe.

Sawaeng akafungua mlango, akamnyanyua Mama Phian kama mtoto, maua na yote, akakimbia naye. Mtu wa miaka sitini na saba! Watawa wakashusha sanamu, sijui kwa nguvu gani, watu wanane wakaipokea. Nikazima. Nikashuka. Moto mdogo tu, mrefu kama mkono, lakini watu wakaanza kuurushia maji ya ndoo, na kila ndoo iliutawanya moto chini kwenye lami. Nikapiga kelele waache. Hakuna aliyenisikia. Nilijaribu kufungua boneti, nikaungua vidole vya miguu kwa petroli iliyokuwa inawaka chini. Viatu vya wazi. Shati zuri, viatu vya wazi.

Aliyeuzima ni Urai. Alitoka pikapu ya nyuma na kizima moto cha kituo chake. Alikuwa amekibeba tangu nyumbani. Poda nyeupe ikafunika kila kitu, na mimi humo ndani.

Ratri akatokea katikati ya watu, akafungua boneti kwa kitambaa. Akaitoa ile plastiki. Ilikuwa imelegea kwa joto, ikachomoka kwenye kabureta. Akainyanyua juu. Akauliza, si kwa ukali, "Mjomba, hii ni ya samaki?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilikaa ukingoni mwa barabara. Nilikuwa nahesabu tena: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mama Phian alikuwa kwenye kiti kile muda wote huo.

Sanamu ikapandishwa pikapu ya Sawaeng. Kabla ya kupanda, Mama Phian alikuja hadi nilipokaa, kashika mkono wa Lamduan. Alinipangusa poda usoni kwa leso yake. Akaninyoosha kola. Akasema, "Kamthon, mwanangu, marehemu alikuachia gari. Hakukuachia jiko." Kisha akaenda.

Nimelia kidogo. Ilikuwa poda.

Jumanne, 16 Aprili

Vidole vinapona. Pikapu pia. Haikuungua sana: rangi ya boneti, nyaya chache, kabureta. Ratri amefanya kazi siku mbili bila kulala mchana, sikukuu na yote. Ametoa tangi, ameliosha, ametia mipira mipya myeusi inayostahimili pombe, ila akasema hata hivyo nisiitie pombe, kuna sehemu nyingine ndani ambazo hakuzigusa. Kabureta imetoka kwa Sawaeng. Alikuwa nayo ya akiba, ameitunza miaka kwa gari lake mwenyewe. Nilikwenda kumshukuru. Nilimaanisha kila neno. Alinikaribisha kibarazani, akanimiminia glasi. Tukakaa. Miguu yake juu ya stuli, yangu ndani ya bandeji. Nikamwomba msamaha. Akasema yamekwisha, kaka, twende mbele.

Leo asubuhi nikaenda kwa Urai kujaza, kama nilivyoapa mbele ya Lamduan na mama yake. Nimebadilika. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Urai akatoka mwenyewe. Akaniamkia, viganja vimeunganishwa kifuani. Akasema samahani alinicheka ukumbini. Akanipa chupa ya maji baridi, bure, na kitambaa chenye barafu cha kujipangusa. Akasema, "Nikujazie, kaka?" Akatabasamu.

Kitambaa chenye barafu! Miaka yote hiyo nimejaza hapo, hakunipa hata tishu.

Nikasema nimesahau kitu nyumbani. Nikaondoka.

Si kwamba namshuku. Lakini mtu lazima awe na busara. Nikaenda barabara kuu, kwenye kituo kingine kabisa, kilomita kumi na mbili, karibu na kiwanda cha sukari. Nimesoma pampu zote kwa makini, kama Mtawa Mkuu, miwani usoni. Na hapo nikagundua jambo ambalo hata Ratri hakuniambia. Tatizo, kwa maneno yake mwenyewe, ni mchanganyiko. Petroli na pombe haviishi vizuri ndani ya gari la kale. Vyema. Basi pampu ya mwisho ilikuwa imeandikwa themanini na tano. Asilimia themanini na tano ni ethanoli! Huo si mchanganyiko tena. Hiyo karibu ni kitu kimoja, na kitu kimoja hakigombani na chenyewe. Nikajaza hadi mdomoni.

Njiani imekohoa mara tatu, ikazima kwenye mteremko, ikawaka, ikazima tena. Nimeisukuma hadi nyumbani kwa msaada wa wauza barafu wawili.

Tangi safi. Mipira mipya. Kabureta nzima. Kituo ambacho hakuna anayenijua. Sawaeng nimeshamsamehe, na Urai hajagusa chochote. Nimekaa uani nikawafuta mmoja mmoja kwenye orodha, na limebaki jina moja tu, la mtu aliyekaa na gari langu siku mbili peke yake, akakataa hata kulala mchana.

Ratri.

Kesho nitanunua poda.